Sentimita Tano

Chumba kina mita mbili na sabini mlangoni,
mita mbili na sitini na nane kule kwenye kidaka.
Nimepima mara tatu, nikidhani mkono ndio mlevi.
Si mkono. Ni nyumba.
Nyumba za Mkomani hazikungoja pembe mraba;
zilifuata urefu wa boriti,
na boriti hukatwa pale mkoko ulipochoka kunyooka.

Bi Rukia Famau ataka dari ya kuning'inia.
Mjukuu ana pumu, na kila usiku
chokaa ya kale humnyeshea puani.
"Nipigie hesabu," asema. Naketi juu ya ndoo,
naandika nyuma ya risiti ya saruji:

vigae vya sitini kwa sitini, maboksi matano;
reli ndefu, reli fupi, pembe za ukutani;
waya roli nzima, maana msumari
haupenyi boriti iliyokauka miaka mia,
na tumbawe ukilitoboa hutema plagi kama kokwa ya ukwaju.
Basi nitazungusha waya kiunoni mwa kila boriti,
nifunge fundo, niache mkia wa shibiri
wa kusawazishia.

Kimo sikiamini kwa jicho.
Shekuwe ashika ncha moja ya mpira wa maji,
mimi ya pili. Twangoja yatulie.
Maji hayana ukoo wala upendeleo:
yasema sakafu imelalia kibla vidole vinne,
nasi twapiga mstari wa chaki ya buluu
unaoonekana kupinda,
na ndio pekee ulionyooka humu ndani.

Kisha mpango. Kanuni nilifunzwa Malindi,
nikiezeka dari za maduka: anza katikati,
kuta zigawane sawa,
kigae cha pembeni kisipungue nusu.
Vitatu vizima; arubaini na tano huku, arubaini na tano kule.
Safi. Hata Shekuwe atabasamu.

Ndipo tochi yangu inapogusa boriti ya sita.

Mkaa. Herufi za Kiarabu, ndogo, zaanzia kulia
karibu na ukuta, kama khati inavyotaka.
Majina manane. Mawili yamepigiwa mstari chini.
La mwisho ni ra na qaf;
lililobaki limemezwa na chokaa.

"Mkono wa baba," asema Bi Rukia kutoka chini,
bila kuinua uso.
"Yafinike, mwanangu. Lakini siyazike."

Napima kutoka ukutani: majina yashika
ishirini na saba hadi themanini na tatu.
Reli yangu nzuri ingepita arubaini na tano,
ingepasua jina la tatu,
watoto wawili huku, watano kule.

Nafuta. Naanzia ishirini na tano,
ili kigae kimoja kizima kikae chini ya wote,
kigae kisichobanwa,
cha kusukumwa juu kwa viganja viwili.
Vitatu vizima vyafuata. Ukuta wa pili wabaki
na sentimita tano mlangoni, tatu kidakani,
ukanda kama pindo la kanga lililoshonwa gizani.

"Watasema hatujui kupima," Shekuwe anung'unika.

Watasema.
Mabaki ya vile vya ishirini na tano
yatatosha kukatia ukanda; hakuna boksi la ziada.
Hilo naliandika kwenye risiti.
Lile jingine siliandiki.

Bi Rukia haulizi bei. Auliza jambo moja:
akipanda kigoda cha mbuzi ya nazi, mkono utafika?

Namtazama, nakitazama kigoda.
Nashusha mstari wa chaki shibiri nzima.
Shekuwe aguna,
kisha aenda kujaza tena mpira wa maji.